Kifungu Kilichotoweka Bila Kuaga

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na kwamba ile redio bado inawagombanisha, maana siku mtakayoelewana nitajua kuna mgonjwa. Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama karakana ya kuchomelea vyuma. Kelele zipo, lakini mwanga ni mwingi na mwenye nyumba hana maneno.

Asante kwa barua ya Januari. Ofisini wananicheka kwamba mimi ndiye peke yangu ninayeandikiwa kwa kalamu, tena kwa kumbukumbu namba. Nimewaambia mjomba wangu alikuwa karani wa masijala miaka ishirini na sita, na kwake simu ni ya kujuliana hali tu, jambo la maana liandikwe. Mmoja akaomba aisome.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, kwa sababu mama amewaambia majirani natengeneza kompyuta. Sitengenezi, naifundisha kusoma. Tumepewa nyaraka za mazingira za miaka hamsini: sera, kanuni, mihtasari ya vikao, vibali. Kurasa elfu tisini na kitu. Zinapigwa picha, kompyuta inazigeuza maandishi, kisha kila kifungu inakipa tarakimu kufuatana na maana yake. Vifungu vinavyosema jambo moja vinakaa jirani, hata kama kimoja kimesema kukata miti na kingine kuangusha msitu. Kwa hiyo naweza kukifuata kifungu kimoja tangu kilipoandikwa, kikarekebishwa, mpaka siku kilipofutwa. Mtu mmoja angehitaji miaka kumi. Sisi tumetumia miezi minne, na miwili kati ya hiyo ilikuwa ya kuifundisha kusoma kurasa za stensili zilizovuja wino.

Sasa sikia hili. Kila kifungu kilichofutwa kina karatasi inayosema kimefutwa. Kimoja tu kimetoweka bila kuaga. Kimo katika kanuni za kwanza za halmashauri ya hapo kwenu, na kinakataza kujenga, kuchimba au kumwaga taka ndani ya mita mia mbili kutoka chemchemi. Katika toleo la pili, la mwaka 1996, hakimo, na hakuna popote palipoandikwa kwamba kimeondolewa.

Nisingekusumbua, lakini mama ameniambia kiwanda cha ngozi kimeomba kibali cha kujenga juu kidogo ya chemchemi yetu, na kikao cha kupokea pingamizi ni tarehe 12 Juni. Kwa kanuni zilivyo sasa hakuna cha kuwazuia. Maji ya ngozi yakiingia pale, mtaa mzima hauna pa kuchota. Wewe ulikuwa masijala mwaka ule. Unakumbuka nani alipiga taipu toleo la pili?

Mpwa wako uliyembatiza,
Mama Maswali


Kumb. Na. 14
2 Machi

Mama Maswali,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 9 Februari imepokelewa tarehe 20, bahasha ikiwa na alama ya kiatu cha mtu. Nimeshukuru kuipata hata hivyo.

Sisi hatujambo. Mama yako amepanda nyanya kwenye madebe yote ya nyumba hii pamoja na lile nililokuwa nanawia miguu. Nikimuuliza, anasema nyanya zina faida kuliko miguu yangu. Redio imepatiwa ratiba: yeye asubuhi, mimi jioni, taarifa ya habari ya pamoja. Mguu wa kushoto bado unagoma nikipanda ngazi, ila daktari amesema ni uzee, hana dawa yake.

Nimefurahi sana kwa kazi yako, na nakushukuru kwa kunieleza taratibu kama mtoto. Nilikaa nayo barazani nikaisoma mara tatu. Miaka yote ile nilidhani mafaili yetu hakuna atakayeyasoma isipokuwa mende. Kumbe ulikuwa unakuja wewe na mashine yako. Iambie hiyo mashine wino ulivuja kwa sababu karatasi zilikuwa za bei rahisi, si kwa uzembe wa wapiga chapa.

Wapimaji wa kiwanda wamekuja mara mbili na vigingi vyao vyekundu. Kinamama wanaochota maji wamevitazama tu, hawajasema kitu.

Mengine uliyouliza yamezingatiwa.

Mjomba wako


11 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya mguu. Mpe mama shukrani zangu kwa kutunza ile nyumba na wewe uliyemo.

Sitaandika marefu kwa sababu mkuu wangu wa mradi anataka ripoti. "Mengine uliyouliza yamezingatiwa" nimeielewa. Ndivyo ulivyokuwa unawajibu waliokuja kudai barua ambazo hukutaka kuzitafuta, ulinisimulia mwenyewe. Basi nakuuliza tena bila kuzunguka: nani alipiga taipu toleo la pili, na rasimu yake iko wapi?

Kiwanda kimesikia habari ya kifungu, na wakili wake ameshaandika kwamba hakimo kwa sababu wajumbe wa halmashauri waliamua kisiwemo. Kompyuta yangu inaweza kuonyesha kwamba hakuna karatasi ya uamuzi huo. Haiwezi kusema kilichotokea. Hilo linahitaji mtu aliyekuwepo.

Mpwa wako


Kumb. Na. 16
20 Aprili

Mama Maswali,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua, na yalipoisha nikawa na uvivu, na uvivu wenyewe haujaisha vizuri.

Nyanya zimezaa. Mama yako anazigawa mlango kwa mlango kama mgombea wa uchaguzi, na anarudi na habari za kila nyumba. Fundi wa paa amekuja, ameziba pale juu ya kitanda changu, amefungua tundu jipya juu ya kabati. Nimemshukuru kwa nusu.

Pale kwenye chemchemi wameleta mawe ya msingi malori matatu. Juzi nilikwenda kuchota mwenyewe, na mguu huu, nikakaa kwenye jiwe mpaka foleni ikaisha. Mwalimu mmoja mstaafu akaniuliza, wewe ulikuwa ofisi ile, hakuna sheria ya kuwazuia hawa? Nikamwambia nitaangalia. Nimebeba ndoo mpaka nyumbani nikiwa nimemdanganya mzee mwenzangu.

Binadamu hukosea, mwanangu. Hilo mashine yako inalijua?

Nashukuru kwa uvumilivu wako.

Mjomba wako


28 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimefurahi paa limezibwa, hata kwa nusu.

Barua ya Machi ilikuwa namba 14. Hii ni namba 16. Namba 15 iko wapi? Mtu aliyenifundisha kwamba masijala haina namba inayopotea hawezi kuniambia alihesabu vibaya. Uliiandika na hukuitia posta.

Na mimi nina langu, nalisema kwa sababu linaniuma. Nilipokuuliza nani alipiga taipu, nilikuwa najua. Chini ya kila ukurasa wa ofisi yenu, pembeni kushoto, mpiga chapa aliweka herufi mbili za jina lake. Mbili zile nimezijua tangu darasa la kwanza, ulipokuwa unaniandikia majina kwenye madaftari na kutia zako pembeni. Nilikuuliza kama mjinga ili unijibu kama mtu huru. Haikuwa haki, unisamehe.

Tena kuna baya zaidi. Jedwali letu lina safu ya mpiga chapa, na ya toleo la pili nimeiacha tupu. Mkuu wangu ameuliza mara mbili. Nimesema bado naikagua. Sijawahi kudanganya kazini, Mjomba, na nimedanganya kwa ajili yako bila wewe kuniomba.

Ripoti inaondoka kwenda kwenye kikao tarehe 15 Mei. Safu ile nitaijaza. Lakini kusimama mbele ya kikao ni juu yako. Ukisema hapana, nitakupenda vile vile. Mimi niliyevaa viatu vyako vya zamani kwenda shule, ukiwa umevijaza magazeti kwenye ncha, sina cha kukudai.

Mpwa wako


Kumb. Na. 17
6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Namba 15 imeambatanishwa hapa chini. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu la kanisani na msibani, na kila nilipolivaa niliisikia.

Asante kwa kusema ukweli wako kwanza. Ulinirahisishia. Jaza safu hiyo leo, usingoje tarehe 15.

Mjomba wako

[Kiambatisho]

Kumb. Na. 15
19 Machi

Mama Maswali,

Umeuliza, nakujibu. Toleo la pili nilipiga mimi.

Mkuu wangu aliandika rasimu kwa mkono, na kwa kuwa alikuwa amehamisha vifungu huku na huku, hakuweka namba. Pale kwetu namba za vifungu aliweka mpiga chapa, kadiri anavyokwenda. Vifungu viwili vilifuatana na vyote vilianza na maneno yale yale: "Bila idhini ya maandishi ya Halmashauri, hakuna mtu atakayejenga, kuchimba wala kumwaga taka ndani ya mita". Cha kwanza kiliendelea na "mia mbili kutoka chemchemi yoyote". Cha pili, "thelathini kutoka ukingo wa barabara". Nilifika penye neno "mita" nikatoka kidogo. Niliporudi jicho likaangukia "mita" ya pili, nikaendelea na barabara. Namba zikafuatana bila pengo kwa sababu nilikuwa naziweka mimi. Wakaguzi wakasoma bila kulinganisha na rasimu, wakaona kanuni safi. Mkuu akatia saini.

Hilo ni kosa, na kosa lingesamehewa. Sikiliza lililobaki. Baada ya wiki mbili nilikuwa napanga rasimu kwenye jalada, nikaona. Nakala mia tatu zilikuwa zimeshatumwa. Nilikuwa mwezi wa tano tangu niajiriwe, bado niko kwenye majaribio. Nikaichukua ile rasimu, nikaichoma kwenye pipa nyuma ya ofisi, mchana kweupe, kama mtu anayechoma majani. Mimi, niliyekuja kuwafokea vijana miaka ishirini na mitano kwa kupoteza hata risiti.

Nilijiambia, nani atajenga juu ya chemchemi. Nikajiambia hivyo mpaka nikastaafu na cheti cha utumishi bora. Mama yako anakisifia ukutani, mimi nakipita nikitazama chini.

Mjomba wako


14 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimesoma namba 15 nimekaa kwenye ngazi za ofisi, sikungoja kufika nyumbani. Nililia, halafu nikacheka nilipokumbuka lile koti, halafu nikalia tena. Mlinzi akaniletea maji.

Asante. Sijui neno jingine. Nilikuwa naogopa kwamba nikijua nitakuheshimu pungufu, na sivyo ilivyokuwa. Safu nimeijaza. Nilimwendea mkuu wangu nikamweleza yote, pamoja na uongo wangu. Alinitazama, akasema afadhali amechelewa kujua kuliko kujua kikaoni. Kanitoa kwenye ripoti hii, na ni haki. Atakuja yeye tarehe 12 Juni kuonyesha matokeo. Mimi sitakuja, maana nikisimama pale watasema ndugu wamepanga.

Sasa nikuandae, maana wakili atakubana. Kwanza atasema mzee wa miaka sitini na mitatu hakumbuki neno moja la mwaka 1996. Pili atakuuliza hiki, na hata mimi nakuuliza: kwa nini uliinuka katikati ya sentensi? Umeandika "nikatoka kidogo". Wewe ambaye hukuwahi kuinuka hata mvua ilipoingia dirishani. Wakili ataona pengo hapo. Atasema uliitwa, ukaambiwa uache kifungu kile. Jibu lake lazima liwe wazi.

Vaa lile koti, mifuko sasa mitupu.

Mpwa wako


Kumb. Na. 18
15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Naanza na matokeo, nisikuue kwa kungoja. Kamati iliyopokea pingamizi imesema kifungu cha chemchemi hakikufutwa na yeyote mwenye mamlaka, kwa hiyo kipo na kilikuwepo miaka yote. Kibali pale kimekataliwa. Kiwanda kimeonyeshwa kiwanja kingine upande wa chini, mbali, na wenyewe wamesema watafikiri. Malori yamerudi kubeba mawe. Kinamama wametazama tena bila kusema kitu, ila safari hii walikuwa wanatabasamu.

Ukumbi ulijaa. Mkuu wako ni mtu mpole, anaongea chini chini, nilitega sikio. Akaangaza ukutani picha ya vitone vingi, kila kitone kifungu, na mistari inayoviunganisha toka mwaka hadi mwaka. Kisha mstari mmoja ukakatika peke yake. Mzee mmoja nyuma yangu, fundi saa, akasema, "Hata mimi naona." Nilishukuru sana kwa neno lile, kwa sababu nilikuwa nahofia watu wataona ni mazingaombwe.

Nikaitwa, nikaapa. Nikayasema yote, na pipa nikalisema. Mama yako alikuwa safu ya mbele, na kuhusu pipa alikuwa hajui. Alifunga macho tu.

Wakili akaanza kama ulivyosema. Mzee, utakumbukaje maneno ya miaka ishirini na tisa? Nikamwomba mwenyekiti ashike kanuni za kwanza mkononi, nikakisema kifungu chote kwa kichwa, mpaka nukta. Mwenyekiti akafuata kwa kidole. Akasema, "Hakuna neno lililoanguka." Mwanangu, ningekisahau vipi? Nimekisema moyoni kila nilipobeba ndoo.

Kisha akaniuliza lile lako. Uliinuka kwa nini? Nani alikuita?

Nilikuwa nimepanga kujibu kwamba nilikwenda kunywa maji. Nilimwona mama yako ananitikisia kichwa, akimaanisha sema. Basi nikasema. Nilimwambia kwamba mwezi ule dada yangu alikuwa amelazwa hospitali, na mimi kwenye chumba changu kimoja nilikuwa na mtoto wake wa miaka minne, ana surua. Jirani aliweza kukaa naye mpaka saa sita tu, kisha yeye naye akaenda kazini. Kila siku saa sita nilikimbia nyumbani, nikampa dawa na uji, nikampaka dawa ya macho, nikamwacha na jirani wa pili, nikarudi saa saba. Siku ile jirani alituma mtu saa tano na nusu kwamba homa imepanda na mtoto anaita mjomba. Sikumaliza hata mstari.

Wakili alifunga jalada lake. Mkuu wako alikuwa anaandika, akaacha kuandika. Baadaye, nje, aliniuliza polepole kama mtoto yule ndiye. Nikamwambia mtoto yule ana maswali mengi, amuulize mwenyewe.

Kuhusu kuchoma rasimu, nimeandikiwa onyo rasmi, na litaingia kwenye jalada langu la utumishi. Nimelipokea kwa mikono miwili. Jalada lile lilikuwa na upungufu. Cheti nilitaka kukirudisha, mwenyekiti akasema masijala haipokei vitu vyenye fremu. Mama yako amekibandua ukutani kwa hasira, siku ya pili amekirudisha, na sasa hataki tuzungumze habari hiyo. Watu wa mtaani wamegawanyika. Wako wanaonishika mkono, na yuko muuza mkaa aliyesema mbele yangu, ndiye huyu aliyetusahaulia chemchemi. Na ni kweli. Jana huyo huyo amenisaidia ndoo mpaka mlangoni.

Nakushukuru wewe, na mkuu wako, na hiyo mashine isiyochoka. Miaka ishirini na tisa nilingoja mtu anikamate, nikadhani atakuja polisi. Umekuja wewe kwa barua, unaanza na shikamoo.

Najua hulali sasa, unahesabu: kama nisingeugua, kifungu kingekuwepo. Ndiyo sababu sikukuandikia jambo hili, na nilikusudia nife nalo. Acha kuhesabu. Ulikuwa na miaka minne na ulikuwa unawaka moto. Nilipofika ulinishika kidole, ukalala hapo hapo, na mimi nikakaa nimepiga magoti saa nzima nisikuamshe. Ukiniuliza leo, hata kwa kiapo, kama saa ile ikirudi nitafanya nini, nitainuka tena na kukimbia vile vile.

Ila nitaacha rula kwenye mstari.

Mjomba wako